Shajara ya Mradi: Milango ya Kalsiamu na Potasiamu katika Seli ya Saratani

Februari

Mradi umeanza. Tunajenga modeli ya kompyuta ya seli moja ya saratani ili kuangalia jambo moja: mlango wa potasiamu, yaani protini ya kwenye utando wa seli inayopitisha ayoni (chembe zenye chaji) za potasiamu, ukifunguka, kalsiamu inafanya nini? Tuko Mbeya, wanafunzi wawili na mimi mwalimu wao wa fizikia, tukikutana jioni vipindi vikiisha. Hatuna mtambo wa kunasa mkondo wa mlango mmoja wa ayoni, ule ambao Erwin Neher na Bert Sakmann waliutambulisha mwaka 1976 na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1991. Tulicho nacho ni laptopu, lugha ya programu ya Python, na vipimo ambavyo maabara za nchi mbalimbali zimekuwa zikivichapisha kwa miaka mingi. Kwa swali letu vinatosha.

Swali lenyewe limetoka darasani. Vitabu vya biolojia hufundisha kwamba potasiamu ikitoka kwenye seli, seli hutulia: neva huacha kurusha ishara, misuli hulegea. Ni kweli, kwa sababu neva na misuli hupokea kalsiamu kupitia milango inayofunguliwa na kupanda kwa volti. Potasiamu ikitoka, volti hushuka na milango hiyo hujifunga. Mwanafunzi akishalielewa hilo, hukwama anaposoma kwamba seli za saratani ya matiti, ya tezi dume na ya ubongo zina milango mingi ya potasiamu kwenye utando wake. Seli inayohangaika kugawanyika na kuhama, utulivu inautakia nini?

Haiutaki. Seli nyingi za saratani hupitisha kalsiamu yake kwenye milango ya aina nyingine, hasa Orai1 na jamii ya TRP, ambayo haifungwi na kushuka kwa volti. Kwa milango hiyo, volti ikishuka kalsiamu huingia kwa wingi zaidi, maana ina chaji chanya na ndani ya seli kumezidi kuwa hasi. Potasiamu ile ile inayoizuia kalsiamu kwenye neva ndiyo inayoivuta ndani ya seli ya saratani. Nataka wanafunzi walione hili kwa hesabu za mikono yao, wasilikariri.

Machi, wiki za kwanza

Tumekubaliana namba za msingi. Potasiamu ni milimola 140 ndani ya seli na 4.5 nje. Kalsiamu huru ni milimola 1.2 nje, na ndani ya seli iliyotulia ni takribani maikromola 0.1, nje ni mara 12,000 ya ndani. Kwa joto la nyuzi 37, mlinganyo wa Nernst, unaotoa volti ambayo ayoni huuvutia utando, unatoa milivolti −92 kwa potasiamu na +125 kwa kalsiamu. Potasiamu ikiachiwa utando peke yake itauvuta hadi −92, kalsiamu ikiachiwa peke yake itaupandisha hadi +125, na seli huishi katikati ya hao wawili. Neva iliyotulia huwa karibu na −70. Seli nyingi za saratani hukaa juu ya hapo, kwenye −20, −30 au −40.

Modeli ya kwanza ina mambo manne tu: mlango wa kalsiamu, mlango wa potasiamu, mvujo mdogo wa ayoni nyinginezo, na pampu inayotoa kalsiamu nje. Volti hubadilika kwa makumi ya milisekunde wakati kalsiamu huchukua sekunde nyingi, hivyo tumechagua njia ya kukokotoa inayomudu kasi mbili zilizoachana kiasi hicho. Zaidi ya hapo upande wa programu hauna la kusimulia.

Machi, mwishoni

Hapa kazi imeanza kunoga.

Tumeanza na kanuni ya Ohm kwa kuwa wanafunzi wanaifahamu tangu kidato cha pili. Nguvu inayoisukuma kalsiamu ndani ni tofauti kati ya volti ya utando na ile +125. Utando ukiwa −20, tofauti ni milivolti 145. Potasiamu ikiushusha hadi −60, tofauti inakuwa 185. Ongezeko ni asilimia 28. Mwanafunzi mmoja aliitazama namba hiyo na kusema, "Mwalimu, asilimia 28 tu? Basi potasiamu haina nguvu kihivyo." Nilimwambia aisubiri hatua ya pili kabla ya kutoa hukumu.

Hatua ya pili ni mlinganyo wa Goldman, Hodgkin na Katz. Ohm huchukulia kwamba mlango hupitisha ayoni sawasawa pande zote mbili. Kwa kalsiamu haiwezekani, maana ndani ya seli kalsiamu huru ni kidogo mno na karibu hakuna cha kutoka. Mkondo wa Orai1 uliopimwa maabara unaonyesha hivyo hivyo: huingia, hautoki. Tukiweka mlinganyo huo, kwa kipimo ambacho mkondo kwenye volti sifuri ni 1, mkondo kwenye −20 unakuwa 1.93 na kwenye −60 unakuwa 4.55. Uwiano ni mara 2.36. Mlango haujapanuka wala kalsiamu ya nje haijaongezeka, lakini inayoingia imezidi maradufu.

Waliokulia kwenye vijiji vya maji ya mserereko kule Rungwe wataliona hili haraka. Chanzo ni kile kile na bomba ni lile lile, ila bomba likishushwa zaidi bondeni maji hutoka kwa kasi kubwa. Potasiamu haigusi chanzo wala haipanui bomba. Kazi yake ni kuongeza mteremko.

Kisha tukahesabu ayoni. Mlango mmoja wa Orai1 hupitisha mkondo mdogo sana, femtoampea chache (femtoampea ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya ampea). Tumechukua 2 kwenye −60, ambazo ni takribani ayoni 6,200 za kalsiamu kwa sekunde. Upande wa potasiamu tumechukua SK3, mlango wenye upitishaji wa karibu pikosimensi 10, kipimo cha urahisi wa mkondo kupita. Kwenye volti hiyo hiyo hutoa femtoampea 320 hivi, yaani ayoni milioni mbili za potasiamu kwa sekunde. SK3 mmoja uliofunguka unafidia chaji inayoingizwa na Orai1 mia moja na sitini. Ndiyo maana seli haihitaji SK3 nyingi ili volti ibaki chini huku kalsiamu ikimiminika ndani.

Aprili

Masika haijaisha na barabara ya Umalila ina tope, lakini tulifika. Tulikwenda kuzungumza na wanafunzi wa sekondari huko, na nilitaka kuanza na mlango wa ayoni wanaouishi tayari. Umalila ni nchi ya pareto. Kila mtoto pale amechuma maua yake na ameona mdudu anavyotetemeka akipata unga wake, kisha analegea na kufa. Pirethrini iliyomo kwenye ua hushika milango ya sodiamu ya neva za mdudu na kuizuia isijifunge upesi. Neva hurusha ishara mfululizo hadi mwili unapooza. Darasa lilichangamka mno. Kumbe jambo la maabara za Ulaya liko kwenye shamba la bibi.

Binti mmoja aliuliza swali ambalo limebadilisha mpango wetu wa mwezi. Kama ua la pareto linaweza kushika mlango wa mdudu, kwa nini isitafutwe dawa ya kuuziba mlango wa potasiamu wa saratani, yakaisha?

Nilimjibu kwa mfano wa moyo. Milango ya potasiamu haiko kwenye saratani peke yake. Upo mmoja, hERG, unaopatikana kwenye saratani kadhaa, na huo huo ndio unaousaidia moyo kurudi kwenye utulivu baada ya kila pigo. Dawa ikiuziba, mapigo yanaweza kuvurugika na mgonjwa akafariki ghafla. Astemizole, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni mwaka 1999 kwa sababu hiyo. Halofantrine ya malaria nayo ina hatari hiyo hiyo kwa moyo. Mtafiti anayetaka kuziba milango ya potasiamu kwa mgonjwa wa saratani lazima kwanza aulinde moyo wa mgonjwa huyo.

Aliporudi kukaa niliona hajaridhika, na hakukosea. Ipo milango mingine ambayo moyo hauitegemei kiasi hicho.

Aprili, mwishoni

Tumetumia wiki hii kusoma kuhusu KCa3.1, mmoja wa milango hiyo ya potasiamu, na naona kila mwalimu wa biolojia Tanzania angefaa kuijua habari yake, kwa sababu inapita kwenye ugonjwa tunaoufahamu vizuri.

Mwaka 1958 György Gárdos wa Hungaria alionyesha kwamba kalsiamu ikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu, chembe hiyo hupoteza potasiamu. Ilikuwa karibu miongo miwili kabla ya mtambo ule wa Neher na Sakmann. Uhusiano wa kalsiamu na potasiamu ulionekana kwenye damu, saratani ikafuata baadaye. Mlango huo sasa unaitwa KCa3.1. Kwa mwenye sikoseli unaleta madhara: chembe ikipoteza potasiamu hupoteza na maji, hukauka, na ikikauka hujikunja mundu kwa urahisi zaidi. Dawa iitwayo senicapoc ilitengenezwa kuuziba. Chembe zilipata nafuu ya ukavu na watu waliivumilia dawa, lakini vipindi vya maumivu havikupungua, na jaribio kubwa likasitishwa.

KCa3.1 huyo huyo yumo kwenye saratani ya matiti, ya kongosho, na kwenye uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma. Kwenye LNCaP, seli za saratani ya tezi dume zinazokuzwa maabara, umeonekana ukisaidia kalsiamu kuingia kupitia TRPV6, mlango wa jamii ya TRP. Kwangu hii ni habari ya matumaini. Dawa iliyokwisha kupita kwenye miili ya watu wenye sikoseli inawapa watafiti wa saratani pa kuanzia, kwenye mlango ambao moyo hauutegemei kiasi hicho.

Mei

Sasa tumefika kwenye kiini cha mradi.

SK3 na KCa3.1 hazifunguliwi na volti. Hufunguliwa na kalsiamu yenyewe, ikishikwa na protini ndogo iitwayo kalmodulini iliyojibandika kwenye mlango. Hapo duara linajifunga: kalsiamu inaingia, inaufungua mlango wa potasiamu, potasiamu inatoka, volti inashuka, kalsiamu inaingia zaidi. Wanafunzi walilichora ubaoni na wakauliza mara moja kwa nini lisilipuke. Linazuiwa na mambo matatu. Volti haiwezi kupita −92. Pampu huongeza kasi kadiri kalsiamu inavyopanda. Na Orai1 hupunguza mkondo wake wenyewe kalsiamu ikirundikana mdomoni pake. Seli ya saratani nayo inahitaji kipimo, maana kalsiamu ikizidi mno huiua.

Lakini namba zilitusimamisha hapa. SK3 hufunguka nusu kalsiamu inapofika karibu maikromola 0.5, na hufunguka kwa ghafla; ndani ya hesabu tumeipa kalsiamu kipeo cha 4. Kwenye kalsiamu ya kawaida ya ndani ya seli, 0.1, hesabu inatoa asilimia 0.16 ya milango iliyofunguka. Hakuna kitu. Kwa wastani wa kalsiamu ya seli nzima duara haliwezi hata kuanza.

Basi tukaacha wastani. Tukahesabu kalsiamu inavyotawanyika kutoka kwenye mdomo wa Orai1 mmoja, femtoampea 2, bila kitu cha kuinasa njiani. Kwenye nanomita 10 kutoka mdomoni, kalsiamu inafika maikromola 0.85 na SK3 inafunguka asilimia 89. Kwenye nanomita 20 ni asilimia 45. Kwenye 50 ni 6. Kwenye 100 ni moja na nusu. Umbali wa nanomita 40 tu, kutoka 10 hadi 50, unautoa mlango kwenye kufunguka karibu kabisa hadi kufungwa karibu kabisa.

Nilikaa na jedwali hilo usiku mzima. Tulikuwa tunauliza seli ina milango mingapi. Swali la maana zaidi ni mlango upi uko jirani na upi. Seli mbili zinaweza kuwa na Orai1 zile zile na SK3 zile zile, idadi sawa, moja ikapata kalsiamu ya kuhama na nyingine isipate, kwa sababu ya ujirani tu.

Na hivyo ndivyo maabara ilivyokuta. Kundi la watafiti wa Tours, Ufaransa, lilionyesha mwaka 2013 kwamba SK3 na Orai1 hukaa pamoja kwenye vipande vya utando vyenye kolesteroli nyingi, na kwamba jozi hiyo huisaidia seli kuhama na saratani kusambaa hadi kwenye mifupa ya panya. Orai1 ya kawaida husubiri ghala la kalsiamu la ndani ya seli liwe tupu, ndipo protini ya STIM1 iifungue. Ndani ya jozi hii huingiza kalsiamu bila kusubiri ghala.

Tahadhari moja kwa wanaokusanya vipimo kama sisi: sehemu kubwa ya kazi ya SK3 imefanyika kwenye seli ziitwazo MDA-MB-435s. Kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa za saratani ya matiti, baadaye vinasaba vikaonyesha ni za melanoma, saratani ya ngozi. Tumeandika hivyo wazi kwenye jedwali letu, ili mwanafunzi asichanganye viungo.

Juni

Baridi imeshika. Jioni tunafanya kazi tukiwa na makoti ndani ya chumba, na umeme ukikatika tunaendelea kwa karatasi.

Wiki hii tumerudisha volti ndani ya hesabu ya ujirani. Potasiamu ikizuiwa, utando unapanda kutoka −60 hadi −20 na mkondo wa Orai1 unashuka kutoka femtoampea 2 hadi 0.85. SK3 iliyoko nanomita 10 inashuka kutoka asilimia 89 hadi 33, na iliyoko nanomita 20 inashuka kutoka 45 hadi 7. Kuzuia potasiamu kunapunguza kalsiamu, na kalsiamu iliyopungua inaifunga potasiamu zaidi. Yule aliyesema potasiamu haina nguvu kihivyo ndiye aliyechapa grafu hii na kuibandika ukutani.

Tumeongeza pia njia ambayo watafiti huitumia kupima umbali bila kuuona. Kuna kemikali mbili zinazonasa kalsiamu, EGTA na BAPTA. Zinainasa kwa nguvu zinazokaribiana ila BAPTA hufanya hivyo haraka kwa takribani mara mia. Kwa milimola 5 ya kila moja, kalsiamu husafiri nanomita 90 hivi kabla ya EGTA kuinasa, na 9 hivi tu kabla ya BAPTA. Kwenye modeli, SK3 ya nanomita 20 inabaki na asilimia 30 EGTA ikiwepo, na inashuka chini ya asilimia moja kwa BAPTA. Mtafiti akiona mlango wa potasiamu unavumilia EGTA na kushindwa na BAPTA, anajua milango hiyo miwili inagusana, au karibu sana. Wanafunzi wameipenda njia hii kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi, na mimi pia. Inapima nanomita kwa kutumia kasi, bila darubini.

Juni, mwishoni

Mfugaji wa nyuki kutoka Mufindi alitutembelea baada ya kusikia tunazungumzia sumu ya nyuki. Ni kweli tunaizungumzia. Sumu ya nyuki ina apamini, kipande kidogo cha protini chenye amino asidi 18, ambacho huziba milango ya SK, SK3 ikiwemo. Watafiti wameitumia kwa miaka mingi kutambua mlango upi unafanya kazi. Nge nao wamechangia: sumu ya nge aina ya Leiurus ina charibdotoksini, inayoziba KCa3.1 na BK, mwenzake wenye upitishaji mkubwa.

Alikuja na mama mmoja ambaye mume wake anaugua saratani ya umio. Mama aliuliza kwa utulivu kama mzee achomwe na nyuki. Nilimwambia, "Hapana, mama. Usithubutu." Apamini hupenya hadi kwenye mfumo wa fahamu na huko milango ya SK ina kazi muhimu, kwa kiasi kikubwa husababisha degedege. Sumu nzima ya nyuki inaweza kumuua mtu mwenye mzio ndani ya dakika chache. Nilimsihi asikose kliniki hata mara moja. Aliitikia, akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na mfugaji yule akaahidi kuwaambia wenzake vivyo hivyo. Naandika haya kwa urefu kwa sababu najua habari ya sumu ya nyuki inavyosafiri kwenye simu.

Jambo lililo bora kuliko kuziba ni lile lililotoka kwa kundi la Tours. Wametengeneza lipidi iitwayo Ohmline. Lipidi hiyo haijichomeki kwenye tundu la mlango. Hujiingiza kwenye utando, na SK3 hutoka kwenye vile vipande vya kolesteroli inakokaa na Orai1. Jozi inaachana, kalsiamu inapungua, na seli inapunguza kuhama. Kwenye panya, kusambaa hadi mifupani kulipungua. SK3 ya kwenye neva, kama haiko ndani ya jozi hiyo, haina wa kutenganishwa naye. Modeli yetu inaeleza mantiki yake bila kuongezewa chochote: sogeza SK3 kutoka nanomita 10 hadi 100, na kutoka asilimia 89 unabaki na moja na nusu. Hakuna mlango uliozibwa.

Hili ndilo ningependa lifike kwa yule binti wa Umalila. Nimemwandikia mwalimu wake.

Julai

Tumeongeza jozi ya pili, nayo ina tabia tofauti kabisa. Kv10.1 ni mlango wa potasiamu ambao mwaka 1999 Luis Pardo, Walter Stühmer na wenzao walionyesha kwamba ukiingizwa kwenye seli za kawaida huzifanya zikue mithili ya saratani. Unapatikana sana kwenye ubongo, lakini huonekana pia kwenye uvimbe wa viungo vingi ambako kwa kawaida haupo, ikiwemo shingo ya kizazi. Kwenye seli za saratani ya matiti, Kv10.1 husaidia kalsiamu kuingia kupitia Orai1, kama SK3.

Tofauti ni kwamba Kv10.1 hufungwa na kalsiamu. Kalmodulini ile ile inayoifungua SK3, huku inafunga. Potasiamu inavuta kalsiamu, kalsiamu inapanda na kuifunga potasiamu, volti inapanda, kalsiamu inashuka, potasiamu inafunguka tena. Duara la SK3 linajichochea, la Kv10.1 linajirudi. Ukiweka ucheleweshaji kidogo kati ya kalsiamu kupanda na mlango kufungwa, hesabu inaweza kutoa mawimbi.

Mawimbi ya kalsiamu si jambo la pembeni. Seli husoma kasi ya mawimbi, na vinasaba vya kugawanyika huwashwa kwa mdundo wake. Kwenye saratani ya umio ya aina ya skwamasi, inayoanzia kwenye seli bapa za utando wa ndani wa umio, watafiti waliripoti mwaka 2014 kwamba Orai1 iko juu kuliko kwenye tishu ya kawaida, na kwamba mawimbi ya kalsiamu ndani ya seli hizo hutegemea Orai1 na huchochea uvimbe kukua.

Kwa sisi wa huku hili linauma. Saratani ya umio ina ukanda wake Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na Nyanda za Juu Kusini zimo ndani ya ukanda huo. Aina inayotupata zaidi ni hiyo hiyo ya skwamasi. Wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani, kwa sababu ya saratani hii ya umio. Tumekubaliana kuiweka habari hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha modeli, kabla ya mlinganyo wowote, kwa sababu mwanafunzi wa Tukuyu au Mufindi ataondoka nayo hadi nyumbani kwenye birika la chai, na chai ikipoa kidogo haipotezi kitu.

Hali ya modeli hadi sasa: jozi ya SK3 na Orai1 imekamilika, pamoja na umbali, volti na kemikali za kunasa kalsiamu. Jozi ya Kv10.1 na Orai1 inafanya kazi kwa seli nzima, bado haijawekewa umbali. Mwanafunzi mmoja ameichukua hiyo. Wa pili anaandaa KCa3.1 na TRPV6 ya tezi dume, ambayo itahitaji mlinganyo wake, kwani TRPV6 hupunguza mkondo kwa namna yake kalsiamu ikipanda. Mimi nabaki na kundi la Orai1 kadhaa zilizo karibu karibu, maana hesabu ya Mei ilichukulia mlango mmoja peke yake, na mdomo wa jirani nao huongeza kalsiamu pale SK3 ilipo. Tutaanza na Orai1 tano zilizopangwa kuzunguka SK3 moja, kwenye −20 na −60, na namba zitaingia hapa Agosti.